Taa zote zinawaka, kebo bado mbovu

Nyumba za tofali na waifai hazipatani. Ya kwetu, Mbezi, ina ghorofa moja, kuta za tofali za inchi sita zilizopigwa lipu pande zote, na kati ya chini na juu kuna zege lenye nondo. Uani, ng'ambo ya pevingi, kuna banda la vyumba viwili tunalompangisha kijana mmoja anayefanya kazi zake mtandaoni. Kisanduku cha faiba kiko sebuleni nyuma ya televisheni, kwa sababu hapo ndipo fundi wa kampuni alipoona rahisi kutoboa ukuta. Kutoka hapo mpaka chumba changu cha kazi juu, simu ilikuwa inaonyesha vipau viwili, na faili la hesabu la megabaiti kumi lilikuwa linapanda kwa kubembelezwa.

Tukanunua meshi, yaani vifaa vya waifai vinavyoshirikiana kuwa mtandao mmoja. Vyetu ni vitatu: kikuu sebuleni, kimoja juu, kimoja bandani. Muuzaji alisema hakuna haja ya waya, vitaongea vyenyewe hewani. Kuongea viliongea. Lakini vifaa vya bei yetu vina bendi mbili tu, 2.4 GHz na 5 GHz, na redio ile ile inayohudumia simu na kompyuta ndiyo inayobeba mazungumzo kati ya kifaa na kifaa. Data inapita hewani mara mbili, kwa hiyo kasi inapungua karibu nusu kila inaporuka, na hapo bado hujalihesabu zege. Wenye vifaa vya bendi tatu wana nafuu kidogo, maana bendi moja huachiwa kazi hiyo peke yake, ila ukuta ni ule ule. Dawa ni waya. Bahati nzuri wakati wa ujenzi fundi alikuwa amekwishapitisha kebo ukutani kwenda juu na chini ya pevingi kwenda bandani. Kilichobaki ni kuchomeka.

Tukachomeka. Programu ya simu ikaonyesha vidoti vitatu vya kijani, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Matatizo yakaanza hapo, kwa sababu meshi haijui kulalamika. Kebo ikifa, kifaa cha pembeni kinahamia kwenye waifai bila kumwambia mtu, na kidoti kinabaki kijani. Meshi ni kama mgeni mstaarabu: hata akilala njaa, ukimuuliza asubuhi atakwambia ameshiba. Wewe unachoona ni kwamba intaneti leo nzito, unailaumu kampuni, unapiga simu huduma kwa wateja, wanakwambia zima uwashe. Unazima, unawasha, inapona kwa muda. Basi unaamini kosa ni la kampuni.

Kwa hiyo la kwanza ni kuacha kuangalia kidoti. Ndani ya programu za meshi nyingi, ukigusa jina la kifaa unapata mstari mdogo unaoeleza kimeunganishwa kwa njia gani, kwa waya au kwa waifai. Huo ndio mstari wa kusoma, na usisome mara moja tu. Usome asubuhi, usome wakati nyumba nzima imeshika simu, usome umeme ukitoka kukatika na kurudi.

Kifaa cha juu kilisema kwa waya, tena kila nilipokiuliza. Hata hivyo kilikuwa na ugonjwa wake. Kifurushi chetu ni cha megabiti 200. Sebuleni, kompyuta ikichomekwa kwenye kifaa kikuu, kipimo kilitoa mia na tisini na kitu. Juu, kwenye mlango wa kifaa cha pembeni, yaani tundu la kuchomekea kebo, kilitoa 94. Kesho yake 94. Usiku wa manane, majirani wote wamelala, 93.8.

Namba hiyo ni vizuri kuikariri. Mtandao uliochoka hupanda na kushuka. Saa mbili usiku mbaya, alfajiri mzuri. Kipimo kinachogota 94 au 95 kila saa kina sababu nyingine: mahali fulani njiani kuna muunganisho wa megabiti 100, na ukitoa sehemu inayoliwa na anwani na vibandiko vya pakiti, vile vipande vidogo ambavyo data husafiri navyo, kinachobaki cha kutumia ndicho hicho 94. Kabla ya kugusa kebo, soma boksi la kifaa. Zipo meshi za bei nafuu ambazo milango yake yenyewe ni ya 10/100, yaani mwisho megabiti 100, na hapo hakuna kebo duniani itakayokupa zaidi. Swichi za zamani, vile visanduku vya kuunganishia kebo nyingi pamoja, nazo ni hivyo hivyo. Vya kwetu vilikuwa vya gigabiti, yaani megabiti 1000, boksi linasema na kurasa za mipangilio zinasema, kwa hiyo mshukiwa akabaki ukutani.

Ndani ya kebo ya intaneti kuna nyaya nane, zimesokotwa mbili mbili, jozi nne. Ethaneti, yaani mtandao wa kupitia kebo hizi, ya megabiti 100 inatumia nne tu kati ya hizo nane: namba 1, 2, 3 na 6. Ya gigabiti inazitaka zote. Sasa waya namba 4, 5, 7 au 8 ukikatika, vifaa vingi havitangazi ajali. Vinajaribu gigabiti, vinashindwa, vinakubaliana kushuka kwenye mia, maisha yanaendelea. Vingine vinabaki vikiunganika na kuachana usiku kucha. Njia rahisi ya kuliona hilo ni kompyuta: ichomeke moja kwa moja kwenye kebo, fungua ukurasa wa mtandao kwenye mipangilio, utaona kasi ya muunganisho imeandikwa. Gigabiti 1 au megabiti 100. Hicho si kipimo cha intaneti, ni mkataba ambao milango miwili imewekeana, na hautegemei kampuni ya faiba kwa lolote.

Wa juu ulisema 100. Nikaazima testa, ile ya vipande viwili yenye taa nane, nikachomeka kimoja sebuleni na kingine juu. Taa zikaanza kutembea: 1, 2, 3, mpaka 7. Ya 8 haikuwaka. Namba 8 ni kahawia.

Kuukuta mkatiko hakukuhitaji kubomoa ukuta. Mara nyingi waya haufii katikati ya bomba, unafia kwenye plagi au nyuma ya soketi, mahali ambapo mkono wa mtu umepita. Plagi ya sebuleni ilikuwa imebanwa huku ganda la nje la kebo limeishia sentimita mbili kabla ya kuingia, nyaya zinaning'inia uchi kama zilivyo. Kile kipande cha plastiki ndani ya plagi, ambacho kazi yake ni kulishika ganda ili nyaya zisivutwe, kilikuwa kimeshika hewa. Kila televisheni iliposogezwa kufagia vumbi, nyaya zilivutika kidogo, na kahawia ndiyo iliyokuwa ukingoni. Nilikata plagi, nikavua ganda upya, nikazinyoosha nyaya, nikazikata ziwe sawa, nikasukuma mpaka ncha zote nane zionekane zimegusa ukuta wa mbele wa plagi na ganda limeingia chini ya kile kipande, ndipo nikabana. Kompyuta ikaandika gigabiti 1.

Ila niseme ninavyoona mimi. Kama kifurushi chako ni cha megabiti 20 au 30, na ndani ya nyumba huna diski ya kuhifadhia mafaili ambayo watu wanavuta kutoka chumba hadi chumba, muunganisho wa mia ulioshikika vizuri haukupunguzii kitu. Uache. Kazi ya kuhangaikia ni ile ya muunganisho usioshikika.

Na huo ulikuwa wa bandani.

Kebo ya bandani inatoka sebuleni, inashuka ukutani, inapita chini ya pevingi ndani ya bomba la plastiki, inaibukia jikoni kwa mpangaji. Kwa kukadiria ni mita 40, mbali kabisa na mita 100 ambazo ndizo mwisho wa kebo za namna hii. Malalamiko ya yule kijana yalikuwa na mkanganyiko ndani yake. "Mama, intaneti ipo, kupakua napakua, ila nikiingia kwenye mkutano wanasema nimeganda." Ukipima, nzuri. Ukipima tena, mbaya. Kwenye programu, kifaa chake asubuhi kiko kwa waya, mchana kwa waifai, magharibi kimerudi kwa waya.

Fundi aliyeivuta kebo hiyo alikuja na testa yake. Taa zikatembea 1 mpaka 8, juu na chini, bila kuruka. Akanigeuzia testa niione. "Dada, kebo nzima kabisa hii. Hicho kifaa chenu ndicho kimekufa. Hizi meshi za mtandaoni ndivyo zilivyo."

Inawezekana kifaa kinakufa, sikatai. Lakini hilo lina njia fupi ya kulimaliza, na tangu hapo ndiyo ninayoanza nayo kila mahali: kipeleke kifaa kwenye kebo nyingine. Nilikileta kifaa cha bandani ndani, nikakiweka mezani pembeni ya kikuu, nikaviunganisha kwa kakebo ka mita moja kalikokuja ndani ya boksi. Kikashika kwa waya, gigabiti 1, kikakaa hivyo mpaka asubuhi bila kuyumba. Nikakirudisha bandani kwenye kebo ya chini ya pevingi, kabla ya chai ya saa nne kilikuwa kimehamia waifai. Fundi alipoambiwa hayo kwenye simu alisema labda ni joto la bandani.

Nikahamia kwenye kompyuta. Niliichomeka kwenye kebo kule jikoni kwa mpangaji, nikaanzisha pingi kwenda kifaa kikuu, ile amri ya kutuma pakiti ndogo kila sekunde na kuhesabu zilizorudi. Zilirudi zote, milisekunde moja, moja, moja. Ukiishia hapo utasema kebo ni safi. Siri ni kuipa kebo mzigo wakati pingi inaendelea. Nikaanza kuvuta faili kubwa kutoka kompyuta iliyochomekwa sebuleni, na hapo hapo pingi ikaanza kukosa majibu, milisekunde zikapanda, kisha kompyuta ikasema kebo imechomolewa, na hakuna aliyeigusa. Ikarudi yenyewe, safari hii kwa megabiti 100. Kebo iliyokatika haifanyi hivyo. Kebo iliyokatika ni mbovu ikiwa na mzigo au haina. Hii ilikuwa inaugua ikifanyishwa kazi tu.

Nikaichukua plagi nikaiangalia. Plagi nyingi za kebo hizi, zinazoitwa RJ45, ni za plastiki inayoona ndani, na ukiwasha tochi ya simu kwa nyuma rangi zinasomeka vizuri. Ukiishika kamlimi kake kakiwa chini na kebo inakuja upande wako, waya namba 1 ni wa kushoto kabisa. Nikasoma: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, kijani, mweupe-buluu, buluu, mweupe-kahawia, kahawia. Nikaenda sebuleni nikasoma upande wa pili. Ule ule mpangilio.

Mpangilio huo unapendeza macho. Jozi kwa jozi, kila rangi na mwenzake mweupe. Ndiyo maana watu wanauweka, na ndiyo maana testa inaupitisha. Lakini plagi haijapangwa hivyo. Kwenye plagi, jozi ni 1 na 2, halafu 3 na 6, halafu 4 na 5, halafu 7 na 8. Ya 3 na 6 imeipanda ile ya 4 na 5 kwa juu. Kwa hiyo mpangilio halali, ule unaoitwa B ambao ndio nimeuona zaidi kwa mafundi wa hapa, ni mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, buluu, mweupe-buluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Kijani kinaruka jozi ya buluu na kutua kwenye 6. Mtu anayekariri rangi bila kujua sababu ataona hapo katikati pamechanganyika, na atapanyoosha.

Akishapanyoosha, linalotokea ni hili. Kifaa kinatuma ishara yake kwenye 3 na 6 kikiamini nyaya hizo mbili zimesokotwa pamoja. Msokoto ndio unaolinda ishara: kelele inayougusa waya mmoja inaugusa na mwenzake kwa kiasi kile kile, na upande wa kupokelea zinafutana. Sasa kwenye kebo ya bandani, namba 3 ilikuwa mweupe-kijani na namba 6 ilikuwa buluu. Hawajasokotwa pamoja hao. Mweupe-kijani kasokotwa na kijani, ambaye yuko kwenye 4 akibeba ishara ya jozi nyingine kabisa. Mita 40 nzima wanavujishiana ishara. Kebo ya mita moja au mbili ya namna hiyo huwa inavumilia, ndiyo maana fundi anaweza kuifanya miaka bila kurudishiwa kazi. Ukiirefusha na kuiwekea mzigo, inaanguka.

Na testa ile ya taa? Inapitisha umeme mdogo kwenye waya mmoja mmoja na kuuliza swali moja: umefika upande wa pili kwa namba ile ile? Ya kwanza imefika kwa ya kwanza, taa inawaka. Haijui waya huo umesokotwa na nani. Wapo wenye vipimo vya bei kubwa, vya kampuni za kufunga mitandao, ambavyo vinaonyesha jozi zilizochanganyika. Fundi wetu wa mtaani hana, na mimi sina. Macho na tochi vilitosha.

Nilimpigia tena. Hakukasirika, ila hakukubali. "Dada, la muhimu pande zote zifanane. Zikifanana, kebo inapita. Mimi hivi nafanya nyumba zote." Ana nusu ya haki. Kufanana ni lazima, lakini kufanana kwa mpangilio uliokosewa kunakupa kebo inayowasha taa. Ukitumia A badala ya B, ambapo kijani na chungwa vinabadilishana nafasi, ni sawa kabisa mradi pande zote ni A. Jozi zinabaki jozi. Huu wa rangi kwa rangi si A wala B. Nilikata plagi zote mbili, nikaweka B pande zote. Nikarudia jaribio lile lile la pingi na faili kubwa: milisekunde moja, haikupotea hata pakiti, gigabiti 1. Kijana wa bandani hakuniambia kitu tena kuhusu kuganda, na mpangaji asiyesema kitu anatosha kuwa ripoti.

Mengine yalikuwa madogo, nayataja kwa sababu yanafanana sana na kebo mbovu na yanaweza kukupotezea jioni nzima.

La kwanza ni mahali unapochomeka. Kisanduku cha faiba cha kampuni nacho ni rauta, kina milango yake minne, na milango hiyo inavutia. Kuna kipindi kebo ya juu ilihamishiwa pale wakati wa kupanga upya kabati la televisheni. Intaneti ilikuwepo juu, lakini printa ikapotea na kifaa cha juu kikawa kinaonekana kwenye programu kwa waifai ilhali kebo imechomekwa na taa inawaka. Dalili ilikuwa kwenye anwani ya IP: kompyuta iliyochomekwa kwenye kebo ile ilipata anwani ya 192.168.1, inayotolewa na kisanduku cha kampuni, wakati simu zilizo kwenye meshi yetu zilikuwa 192.168.68, ambayo ndiyo Deco, aina ya meshi yetu, huanza nayo. Mitandao miwili ndani ya nyumba moja. Meshi ikiwa yenyewe ndiyo rauta, waya wa kwenda kwa vifaa vya pembeni unatakiwa uanzie kwenye kifaa kikuu au kwenye swichi iliyo nyuma yake, usianzie mbele yake. Ukiiweka meshi kwenye hali ya kugawa waifai tu, kisanduku cha kampuni kibaki kuwa rauta, zipo zinazokubali kuchomekwa popote. Lakini amua moja.

La pili alilileta mpwa wangu likizo ya Juni. Alikuta ncha ya kebo inaning'inia nyuma ya kabati, akaona ni uchafu, akaichomeka kwenye swichi. Upande wa pili wa kebo hiyo nao ulikuwa kwenye swichi hiyo hiyo. "Mama mdogo, mimi nimepanga tu nyaya." Nyumba nzima ikafa, mpaka televisheni, na taa zote za swichi zikawa zinamemeteka kwa pamoja bila kupumzika. Swichi za kawaida za nyumbani hazina akili ya kugundua mzunguko. Pakiti ya matangazo, ile inayotumwa kwa kila kifaa kwa pamoja, inaingia, inatoka, inarudi, inajizidisha. Ukiona taa zinacheza hivyo, hesabu kebo zinazoingia na ufuate kila moja mpaka mwisho wake. Mzunguko unaweza pia kupita kwenye meshi yenyewe, waya upande mmoja na waifai upande mwingine. Vifaa vilivyotengenezwa vizuri hujizuia, ila nikihisi hivyo huwa naanza kwa kuchomoa swichi na kuunganisha kifaa kwa kifaa. Zipo swichi ambazo zinameza ujumbe ambao vifaa vya meshi vinapeana ili kutambuana kwenye waya, na hapo hata kebo iwe ya dhahabu utaambiwa waifai.

La tatu ni umeme. Ukikatika na kurudi, kila kifaa kinaamka kwa mwendo wake. Vya kwetu vya pembeni vinaamka kabla swichi haijatulia, vinakosa waya, vinajishikiza kwenye waifai na kukaa huko. Wakati mwingine vinarudi vyenyewe, wakati mwingine ni mpaka uvizime. Nilinunua betri ndogo ya kuendeshea kisanduku cha faiba, kifaa kikuu na swichi, vitatu hivyo tu, na vya pembeni vikiamka vinakuta waya uko tayari unawasubiri. Kabla ya betri nilikuwa na utaratibu: faiba kwanza, kikuu, swichi, kisha vya pembeni, na kati ya kimoja na kingine unaacha taa zitulie. Mume wangu aliubandika kwenye mlango wa kabati.

Linalobaki ni kebo yenyewe ya bandani, na hilo sijalimaliza. Nilipovua ganda lake nilikwaruza waya mmoja kwa kisu, kwa udadisi. Chini ya wekundu kulikuwa na weupe. Ni alumini iliyopakwa shaba. Kariakoo inauzwa bega kwa bega na kebo ya shaba tupu, boksi ni lile lile la mita 305, limeandikwa Cat5e au hata Cat6, na muuzaji atakuapia kwamba ni kopa. Boksi lake ni jepesi, hilo utalisikia ukilinyanyua la huku na la kule. Alumini inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, kama asilimia 60 tu ya uwezo wake, na inavunjika haraka ukiikunja kunja, ndiyo maana kila ukibana upya plagi unaomba dua. Kwa mita 40 na data peke yake, inashika. Kuifukua ni kung'oa pevingi, na pevingi ilitugharimu kuliko meshi yote.

Kitu kingine kinachonitia wasiwasi hapo ni radi. Kebo ya shaba au alumini inayotoka jengo moja kwenda jingine inaokota msukumo wa umeme radi ikipiga jirani, hata isipoipiga nyumba yenyewe, na kinachoungua kwanza ni mlango wa swichi. Masika nikisikia ngurumo naichomoa pande zote mbili, na mpangaji anajua kwamba saa hizo yuko kwa waifai. Siku pevingi itakapong'olewa kwa sababu nyingine yoyote, bomba la maji au nini, hapo chini itapita faiba, kwa sababu kioo hakipitishi umeme.

Juzi kijana ameniomba afunge kamera mlangoni kwake, ile inayopata data na umeme kupitia kebo moja. Nikamkatalia njia hiyo. Kuipitishia alumini nyembamba umeme wa kamera usiku na mchana kwa umbali ule ni kuitafutia joto na upungufu wa volti ambao utakuja kuonekana kama kamera mbovu. Amevuta umeme wa kamera kutoka soketi ya jikoni kwake, data inapita kwenye waifai ya kifaa cha bandani, na LUKU ya banda ni yake.